Ngazi ya Pili ya Kiti cha Mwamuzi

Wiki iliyopita mmoja wenu, simtaji jina, alikuja uwanjani na nyundo na misumari sita mirefu. Nia yake ilikuwa nzuri. Alitaka kutengeneza ngazi ya pili ya kiti cha mwamuzi, ile inayolia kila mtu anapoikanyaga. Nilimfukuza kabla hajapiga msumari wa kwanza, tena kwa maneno ambayo mama wa umri wangu hapaswi kuyatoa mchana kweupe. Halafu nikarudi nyumbani, mtaa wa Saio, nikakanda magoti yangu kwa maji ya moto, nikaona nimekosea. Huwezi kuwakasirikia watoto kwa jambo ambalo hukuwaeleza. Basi leo nawaeleza, na mtanivumilia, maana nikianza habari za uwanja huu sijui kufupisha.

Mnaniita Mama Chokaa kwa sababu ya mistari. Zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kutunza uwanja huu mmoja wa tenisi, kuchora mistari yake, na kupanda juu ya kile kiti kuhesabu pointi. Sikusomea. Niliitwa hapa kung'oa majani, kibarua cha siku moja, na aliyeniita ni Papa Anselme, mtunzaji wa uwanja kabla yangu. Jioni alipita akachunguza mahali nilipong'oa, akasema, "Weye unangoa na mizizi yake. Kesho urudi." Nilirudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka mwaka jana magoti yalipokataa.

Papa Anselme alikuwa mtoto wa machimbo. Alizaliwa Nizi, kwenye kambi ya wachimba dhahabu. Baba yake alitoka mbali, na mama yake alitoka mbali kwingine. Wakubwa wa machimbo walipenda tenisi, na huko ndiko alikojifunza viwanja vya udongo. Ukimuuliza kabila lake alijibu kwamba yeye ni mtu wa Nizi, na mazungumzo yakaishia hapo. Miaka ya vita jibu hilo halikumfurahisha mtu wa upande wowote, lakini hakulibadilisha.

Tuanze na udongo, kwa sababu najua mnalalamika kwamba mpira hauruki vizuri kwenye kona ya kushoto. Hauruki kwa sababu mnamwagilia maji saa sita. Uwanja huu umetengenezwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa wameshautafuna na kuulainisha, kazi ambayo mashine ya mtu haiwezi. Unauponda, unauchekecha kwa chekecheo la unga, unachanganya na vumbi la tofali la kuchoma, vikapu viwili vya kichuguu kwa kimoja cha tofali. Unamwagilia jioni, unauacha unywe polepole, na asubuhi unapita na lile pipa la saruji, ukivuta, si kusukuma. Ukimwagilia mchana, juu panang'aa na chini ni pakavu, na utateleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo mwezi wangu wa kwanza. Wachezaji walikuwa wanakuja saa tisa, na mimi nilitaka wakute uwanja unapendeza. Mwalimu Faustin, aliyekuwa akifundisha hesabu shule ya sekondari, ndiye aliyeingia kwanza, mavazi meupe yamepigwa pasi hadi soksi. Alikimbilia mpira mfupi, na alipotaka kusimama hakusimama. Aliteleza mpaka kwenye nguzo ya wavu akaikumbatia. Aliinuka mwekundu mwili mzima, akaniambia kwa upole, "Mama, kiwanja iko muzuri sana. Lakini nilikuya kucheza, hapana kuoga." Papa Anselme alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipa ufagio na kunionyesha kila kitu upya, bila neno la hasira.

Mwalimu Faustin mngempenda. Mtu mwembamba, mwenye adabu, aliyeupenda mchezo huu kuliko mchezo ulivyompenda yeye. Wakati wa mazoezi, mpira wake wa mkono wa nyuma, ule unaopigwa kwa upande wa mgongo wa kiganja, ulikuwa mzuri kiasi kwamba niliacha kazi kuutazama. Lakini mara tu mtu aliposema "tuhesabu", mkono ule ukawa mti mkavu. Mpira ukaenda kwenye wavu, na Faustin akasimama kujiuliza kwa Kifaransa kwa nini, kwa nini, akitaja jina lake mwenyewe kama anamkemea mwanafunzi. Mkitaka kujua raha na adha ya tenisi kwa pamoja, ilikuwa pale. Unajua la kufanya, jana ulilifanya mara ishirini, na leo mwili umekataa mbele za watu.

Nami nilicheza, msidhani nilikuwa wa kufagia tu. Nilicheza asubuhi mapema, kabla ya wenye uwanja, nikipiga mpira ukutani kwa raketi aliyoiacha mtu. Ilipokatika nyuzi niliirekebisha kwa nailoni ya wavuvi wa Kasenyi, na mpini nikauzungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili usiteleze kwa jasho. Fanyeni hivyo nanyi, ni bora kuliko zile tepu mnazonunua. Siku mpira unapogonga katikati kabisa ya nyuzi, husikii uzito wowote. Unasikia furaha kwenye kiwiko. Mimi hata leo, nikiwa nimekaa jikoni, mkono huo hukumbuka na kujinyoosha wenyewe.

Sasa alama. Hapa ndipo kazi yetu ilipo. Kwenye udongo kila mpira unaacha alama pale ulipoanguka. Mpira uliopigwa kwa nguvu huacha alama ndefu, yenye umbo la yai. Ule ulioanguka kutoka juu huacha ya mviringo. Ukitaka kujua kama mpira uligusa mstari, usiangalie katikati ya alama, angalia ncha yake. Kama ncha imeuma weupe wa mstari, hata kwa upana wa ukucha, mpira ni mzuri. Na usichelewe, maana mchezaji mjanja hupitisha kiatu juu yake akijifanya anafunga kamba.

Papa Anselme, aliyeuita mpira "balle", alinipa sheria moja ya kiti. "Balle ikiwa karibu na mustari, usiseme kitu. Ushuke kwanza. Ukiwa kule juu unaona mutu. Ukishuka unaona alama." Basi nikawa mtu wa kupanda na kushuka, na ngazi ya pili ikalia kila mara, kwii, kwii, mpaka nikaona aibu. Nilimwomba msumari. Akasema, "Iache ilie." Sikuelewa, nikafikiri ni uzee.

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu wakati ule. Vita vilipofika mjini alikuwa haoni tena, ila mwanga na giza. Lakini hakukosa kuja. Alikaa juu ya kasha tupu la bia karibu na nguzo ya wavu na kutazama mchezo kwa masikio. Mpira ukigonga fremu ya raketi alisema, "Amepiga na mbao." Faustin akichelewa alisema, "Miguu, Mwalimu, miguu." Na wakipigiana mipira mingi bila kukosea, kumi, kumi na tano, alisugua viganja vyake taratibu, mdomo wazi, na mimi kutoka juu nilishindwa kujua kama nitazame mpira au nimtazame yeye.

Miaka ile mji wetu ulibadilisha wakubwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mtu alilala chini ya kundi hili akaamka chini ya lile. Mitaa ikagawanyika, na jirani aliyekuwa akikuazima chumvi akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Sitawasimulia yote, wazee wenu wanayo ya kwao. Nawaambia tu kwamba uwanja ulibaki wazi, na watu wa mitaa isiyosalimiana walikuja kucheza na kukaa ukutani kutazama, pengine kwa sababu hakuna aliyetukataza. Milio ya bunduki ikiwa mbali tulimaliza mchezo. Ikiwa karibu tulilala kifudifudi nyuma ya mstari wa mwisho. Uwanja huu naujua hata kwa kidevu.

Vitu vilikwisha kimoja kimoja. Mipira ilitoka manyoya ikawa na upara, na mpira wenye upara unakimbia hovyo na hauna heshima. Tuliianika juani kabla ya mchezo ili ipate joto na kuruka kidogo. Kisha chokaa ikaisha. Nilipata gunia la unga wa muhogo ulionyeshewa ukaota ukungu, hata nguruwe asingeula, nikachora nao mistari. Ilipendeza, nilijisifu. Katikati ya mchezo walikuja mbuzi watatu wa jirani, na hatukuwaona mpaka walipokuwa wameshalamba nusu ya mstari wa nyuma. Mpira wa Mwalimu Faustin ulianguka papo hapo. Mpinzani wake akadai umetoka, Faustin akadai umeingia, nami nikashuka kutafuta mstari. Papa Anselme aliuliza kuna nini, akaelezwa. Akasema, "Alors, muulize mbuzi. Mustari iko mu tumbo yake." Tokea siku hiyo nilichanganya unga na majivu, nusu kwa nusu, na mbuzi wakatuachia mistari yetu.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Commandant, mmoja wa wakubwa wapya wa mji. Jina lake siwapi, na kundi lake pia siwapi. Alikuja mchana na walinzi wanne, miwani myeusi usoni, akatembea juu ya udongo wangu kwa buti, akazunguka mara mbili akipima kwa hatua.

"Mama, weye njo chef wa hapa?"

"Mi niko mutunzaji tu, Commandant."

"Kiwanja iko plat, iko muzuri. Magari yangu inne itaingia hapa. Mutoe hii filet," akasema, akiunyoshea wavu kidole.

Mnajua gari moja linafanya nini kwenye udongo wa kichuguu? Manne yangeugeuza tope kwa mvua moja, na vichuguu vya kuutengeneza upya vilikuwa nje ya mji, kwenye njia za Djugu ambazo hakuna mtu aliyethubutu kuzipita. Uwanja ungekufa, na pamoja nao mahali pekee nilipopajua ambapo watu bado waliketi ukuta mmoja.

Kilichotuokoa siku ile ni raketi ya Mwalimu Faustin, iliyokuwa imeegemea benchi. Commandant aliiona, akaiinua, akaigonga kiganjani. Alisema alicheza kidogo zamani, alipokuwa mwanafunzi. Faustin, ambaye kila mara aliogopa kabla ya kufikiri, alimwambia karibu, mwenyewe akachukua raketi yangu ya nailoni. Wakacheza. Commandant alikuwa na nguvu nyingi na elimu kidogo, mipira yake ikiruka ukuta kama kuku waliofukuzwa. Nilikuwa juu ya kiti. Mpira wake wa kwanza wa karibu ulitoka kwa urefu wa kiganja, niliuona wazi, na kinywa changu kikasema, "Bonne," yaani umeingia.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alirudi kesho yake na kila siku baada ya hapo, saa kumi, na maadamu alikuja kucheza magari yalibaki barabarani. Tukaelewana bila kuambiana kwamba Commandant hapotezi. Faustin alipiga mipira laini kwenye raketi ya mgeni. Mimi nilisema "bonne" kutoka juu, mchana hadi jioni. Sikushuka hata mara moja kuangalia alama. Na kila mchezo ulipokwisha nilikimbia na ufagio kufuta alama kabla mtu hajaziangalia. Six-zéro, six-un, six-zéro, yaani sita bila, sita kwa moja, sita bila. Nilijiambia naokoa uwanja, na kwa kweli nilikuwa naogopa tu.

Papa Anselme aliacha kunisalimia siku ya tatu. Siku ya tano nilikuta amegeuza kasha lake la bia, ameupa uwanja mgongo, uso ukutani. Mtu asiyeona, na bado aligeuka. Niliumia kuliko kama angenipiga kofi. Nilimfuata jioni wenzetu walipoondoka.

"Papa, mi nifanye nini? Nikisema faute, balle imetoka, magari itaingia."

Akajibu, "Magari imekwisha kuingia." Akachukua fimbo yake akaenda zake.

Wiki mbili zilipita hivyo. Kisha jioni moja Commandant alishinda six-zéro, akakaa benchi, akapiga miayo. Nilimwona akiangalia uwanja kama siku ya kwanza, akipima.

"Mama, hii muchezo yenu haina utamu. Kila siku mi nashinda tu. Kesho magari inaingia."

Mwaona basi. Uwongo wote ule, na bado tulikuwa tunafika palepale. Sijui nilipata wapi ujasiri, nadhani ni hasira ya kujiona mjinga. Nilimwambia, "Commandant, kesho ucheze tena mara moja. Kesho tutacheza ya kweli."

Alivua miwani. "Kumbe ile ingine ilikuwa ya nini?"

Nilitaka kuumeza ulimi wangu. Walinzi walikuwa wananiangalia, Faustin alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikajibu, "Ilikuwa ya kukukaribisha."

Akairudisha miwani usoni. "Bon," akasema. "Kesho ya kweli. Ikikosa utamu, jioni magari inaingia."

Alipoondoka, Faustin alinishika mkono. "Mama, mi niko na batoto tano."

"Ucheze vile unachezaka, Mwalimu. Kama zamani, mbele ya vita."

"Vile nachezaka njo mubaya," akasema, na hapo hata mimi nikacheka.

Asubuhi nilichora mistari kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia hata kwa mashindano. Nilinyoosha kamba mara mbili, nikapima kwa hatua, nikachekecha majivu yasiwe na madonge. Habari ilikuwa imeenea, maana saa kumi ukuta ulijaa watu, mama wa sokoni, walimu, hata askari wake wasio kazini. Papa Anselme alikuwepo, mgongo kwetu.

Mpira wa pili wa Commandant ulitoka kwa hatua nzima. Nilisema, "Faute." Neno lenyewe lilikuwa limeota kutu mdomoni mwangu. Walinzi waligeuza vichwa. Nilishuka, ngazi ikalia, nikaenda kuiweka ncha ya ufagio kwenye alama. Commandant alikuja hadi kwenye wavu, akaangalia, akarudi kwenye mstari wake. Nikapanda tena.

Baada ya hapo, wanangu, tulipata tenisi. Commandant alipoona pointi haziji zenyewe alianza kukimbia. Kofia ikaanguka, akaiacha. Alifoka mpira ulipogonga wavu, alijilaumu, alijaribu vitu vipya, na alipofaulu alijisahau akarusha ngumi hewani. Faustin naye alisahau kwamba anaogopa. Mkono wake wa nyuma ulitoka mzuri kama wa mazoezi, mara tatu mfululizo, na watu wa ukutani wakaguna kwa raha. Askari mmoja alishika kichwa mkubwa wake alipokosa mpira rahisi, halafu akakumbuka na kushusha mikono. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu vita vianze, na nilifurahi huku naogopa, vyote pamoja.

Tukafika cinq-quatre, tano kwa nne, Faustin akiongoza, quarante-trente, arobaini kwa thelathini. Pointi moja na seti ni yake. Alipanda kwenye wavu. Commandant alipiga mpira mrefu pembeni ya mstari, Faustin akauacha upite, ukaanguka kule kona ya nyuma. Na mimi, kutoka juu ya kiti, nikapaza sauti, "Faute!"

Watu walipiga makofi. Faustin aliinua mikono yote miwili. Nami nilisikia utamu moyoni, nikajiona jasiri, mtu aliyemwambia mwenye bunduki kwamba ametoka. Ule utamu ndio ulionistua. Nilikuwa nimesema kabla ya kushuka. Nilipenda mpira utoke, kama vile wiki mbili nilivyopenda uingie.

Nikashuka. Ngazi ya pili ikalia, nikatembea mpaka kona ile huku makofi yakiendelea. Alama ilikuwa pale, ndefu, yai zuri, na ncha yake ilikuwa imeuma mstari. Upana wa ukucha. Majivu kidogo na unga yalikuwa yamevutwa mbele, hakuna ubishi.

Nilisimama kando ya alama ile nikafikiri mengi kwa muda mfupi. Commandant alikuwa mbali, hakuona. Kiatu changu kilikuwa hapo hapo. Nikisema mpira ni mzuri, kila mtu ukutani atadhani Mama Chokaa ameogopa tena, na Commandant atadhani ya kukaribisha haijaisha, na jioni magari yataingia. Nikinyamaza, Faustin ameshinda, kila mtu amefurahi. Na Mungu anisamehe, nilitaka sana Faustin ashinde.

"Nimekosea," nikasema. "Balle iko bonne. Égalité."

Ikawa sare, na makofi yakakatika. Kuna mama alisonya, nikamsikia vizuri. Faustin aliniangalia kama niliyemnyang'anya sahani. Lakini aliyekasirika kuliko wote ni Commandant mwenyewe. Aliuzunguka wavu, raketi mkononi, walinzi wawili nyuma.

"Mama, tumerudia tena kwa ile ya kukaribisha?"

"Hapana. Uangalie."

Nilimwonyesha kwa mpini wa ufagio, jinsi nilivyofundishwa. Hapa imeanguka. Hapa imevuta. Hii njo ncha. Alivua miwani, akachuchumaa, uso karibu na udongo. Akaweka kidole pembeni ya alama bila kuigusa.

"Hii unga kidogo hii?"

"Njo hiyo. Imegusa."

Alibaki amechuchumaa hivyo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikafikiri mabaya, kumbe anacheka. "Wiki mbili niko hapa," akasema, akiwageukia walinzi wake. "Hii njo point yangu ya kwanza naona alama yake."

Walirudiana sare mara nyingi, nilipoteza hesabu ya égalité. Faustin alikosea mipira miwili ya kuanzisha mfululizo, kama kawaida yake, akajiuliza kwa nini, kama kawaida yake. Mwishowe Commandant aligonga wavu, na seti ikawa ya Faustin, six-quatre, mbele ya ukuta uliojaa. Commandant aliirusha raketi ukutani. Akaifuata, akaiokota, akaangalia kama imepasuka, akasema, "Kesho saa kumi." Dereva wake alikuwa amesubiri langoni, akaja kuuliza kama sasa aingize magari.

"Uingize wapi?" Commandant akamjibu. "Hauone mistari?"

Alicheza hapa kama miezi miwili, akateseka kama sisi sote, akajifunza kupiga polepole. Sisemi alikuwa mtu mwema. Mji huu una mengi ya kusema juu ya watu kama yeye, na wengi waliosema hayo wana haki. Halafu mji ukabadilisha wakubwa tena, akaondoka bila kuaga, na benchini tukakuta mipira miwili mizuri yenye manyoya. Tuliichezea mwaka mzima.

Jioni ile ya six-quatre, watu walipotawanyika, nilimkuta Papa Anselme kwenye kasha lake, uso uwanjani. Sijui aligeuka saa ngapi. Nilikaa chini pembeni yake, nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na nilitaka asifu. Mtu mzima, lakini nilitaka. Nikamuuliza kwa kuzunguka.

"Papa, weye unasikiaka yote. Ile balle ya mwisho wa mustari, ilikuwa bonne kweli?"

"Sijue. Sikusikia balle."

"Kumbe ulikuwa unasikiliza nini?"

Alisugua viganja vyake taratibu, kama alivyofanya kwa mipira mirefu.

"Ngazi," akasema.

Alituacha baada ya vita kwisha, kitandani mwake, amezungukwa na watu wa kila mtaa. Kiti kile nilikikalia miaka mingi baada yake, na ngazi ile ililia mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila ilipolia nilimwona pale karibu na nguzo. Sasa magoti yangu hayashuki tena, na mtu asiyeweza kushuka hana ruhusa ya kupanda. Kiti ni chenu. Kipakeni rangi mnayopenda, kiwekeeni mwavuli, badilisheni hata miguu yake ikioza. Na yule wa misumari anisamehe kwa maneno yangu, aje Saio nimkaangie mandazi. Ngazi ya pili muiache ilie. Nami nitakuja jioni na kukaa pale chini, karibu na nguzo, nikisikiliza.